Shankara: mtawa wa Himalaya aliyerudi kwa mama yake

Asubuhi ya ukungu hapa Mponde, mtu anayetaka kushuka Soni au kufika Lushoto mjini haulizi tu njia iko wapi. Anajiuliza miguu yake ikoje, kama mvua imenyesha usiku, na nyumbani anamwacha nani. Sisi watu wa milimani tumeizoea hesabu hiyo.

Leo tunawaletea habari za mtu aliyeipiga hesabu hiyo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika milima mirefu kuliko yote duniani. Jina lake ni Shankara. Wafuasi wake humwita Adi Shankara, yaani Shankara wa kwanza, au Shankaracharya, yaani mwalimu Shankara. Kila mwaka, kati ya Aprili na Mei, theluji inapopungua na mahekalu ya Himalaya kufunguliwa, jina lake hurudi midomoni mwa mahujaji.

Kabla hatujaenda mbali, tuweke sawa maneno mawili yanayochanganywa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au wa dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Hapa tunazungumzia hija za Wahindu, na wapo Wahindu ambao ni Watanzania wenzetu, wenye mahekalu yao Tanga, Dar es Salaam na miji mingine.

Milima ni mingi, safari ni moja

Mwislamu anapotaja Hija, kila mtu anajua safari ni ya Makka. Kwa Mhindu mambo hayako hivyo. Hakuna hija moja inayomlazimu kila muumini, na sehemu takatifu ni nyingi sana. Katika milima ya Himalaya peke yake, mtu mwenye akiba ya safari moja maishani anaweza kukaa na familia yake usiku kucha wakishauriana aende wapi.

Katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kuna sehemu nne ambazo huendewa kwa pamoja. Yamunotri ni kwenye chanzo cha mto Yamuna. Gangotri ni kwa ajili ya mto Ganga, ambao wengi wetu tulifundishwa shuleni kuuita Ganges. Kedarnath ni hekalu la Shiva. Badrinath ni hekalu la Vishnu. Shiva na Vishnu ni majina mawili makubwa ambayo Wahindu humwabudia Mungu, na wapo wanaoshika zaidi moja kuliko jingine.

Nje ya hizo nne, kuna pango la Amarnath huko Kashmir, kwenye kimo cha mita 3,888, ambako barafu hujijenga yenyewe kama nguzo. Pango hilo huendewa kwa wiki chache tu katikati ya mwaka. Kuna Vaishno Devi, katika eneo la Jammu, ambako kimo hakizidi sana milima yetu ya Usambara, na mahujaji huenda mwaka mzima. Halafu kuna mlima Kailash, upande wa Tibet nchini China, wenye mita zaidi ya 6,600. Huo haupandwi. Mahujaji huuzunguka kwa miguu, mwendo wa kilomita 50 na ushei, wakipita mahali palipo juu ya mita 5,600, karibu na kimo cha kilele cha Kilimanjaro.

Basi mtu achague upi? Tukifuata maisha ya Shankara tunapata jibu ambalo huenda mahujaji wengi hawalitarajii.

Mtoto wa mjane

Shankara alizaliwa Kaladi, kijiji kilicho kando ya mto Periyar katika Kerala ya leo, kusini kabisa mwa India. Ni nchi ya joto, minazi, migomba na mvua nyingi. Wanahistoria wengi humweka katika karne ya 8. Kwa muda mrefu vitabu vilitaja mwaka 788 kuwa wa kuzaliwa kwake na 820 kuwa wa kufa kwake, ingawa siku hizi wataalamu wengi hudhani aliishi mapema kidogo kuliko hapo.

Tuseme jambo moja waziwazi. Mengi tunayoyajua kuhusu maisha yake yametoka katika masimulizi yaliyoandikwa karne kadhaa baada ya kufa kwake. Vitabu vyake vya mafundisho tunavyo, lakini hakuandika habari zake mwenyewe. Kwa hiyo tunayoyasimulia hapa ni yale ambayo Wahindu wamepokezana kwa vizazi, na penye shaka tutasema.

Baba yake, Shivaguru, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake, Aryamba, akabaki mjane na mwana mmoja. Tunawajua kina mama wa namna hiyo hata vijijini kwetu: mtoto ndiye shamba, ndiye nyumba, ndiye tegemeo la uzeeni. Lakini mtoto huyu alikuwa na akili ya kutisha. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka 8 alikwisha kuvisoma vitabu vitakatifu, na hakutaka kuoa wala kurithi nyumba. Alitaka kuwa sanyasi.

Sanyasi ni mtawa aliyeacha kila kitu: mali, ukoo, hata jina. Kwa desturi, mtu akishakuwa sanyasi huhesabiwa kama aliyekufa kwa jamaa zake. Hashiriki matanga yao wala hawashi moto wa kuchoma maiti ya ndugu. Aryamba alikataa. Nani angekataa kumlaumu mama huyo angekubali upesi?

Mamba na ahadi

Siku moja, masimulizi yanasema, mtoto alikuwa akioga mtoni mamba akamdaka mguu. Mama alikuwa ukingoni akipiga kelele. Shankara akamwomba amruhusu kuwa sanyasi hapo hapo, ili kama ni kufa afe mtawa. Mama, kwa uchungu, akakubali. Mamba akamwachia.

Tunaweza kubishana kuhusu mamba huyo. Linalobaki ni kwamba mama alitoa ruhusa akiwa hana njia nyingine, na mtoto alilijua hilo. Kwa hiyo naye akatoa ahadi ambayo mtawa hakupaswa kuitoa: kwamba mama atakapofikia siku zake za mwisho, popote atakapokuwa atarudi, na yeye mwenyewe ndiye atakayeshughulikia mazishi yake.

Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea kaskazini.

Somo la barabarani

Alimpata mwalimu wake, Govinda, kwenye kingo za mto Narmada, katikati ya India. Kwake alijifunza fundisho ambalo baadaye lilimfanya ajulikane kila mahali. Kwa maneno mepesi ni hili: Mungu na nafsi ya mtu si vitu viwili vilivyotengana. Kinachotufanya tuvione viwili ni kutojua, kama mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka.

Kutoka hapo alikwenda Kashi, mji ambao leo unaitwa Varanasi, ukingoni mwa Ganga. Huko likamtokea jambo linalosimuliwa hadi leo. Alikuwa akitoka kuoga mtoni na wanafunzi wake. Njiani wakakutana na mtu wa tabaka la chini kabisa, wa wale ambao watu wa tabaka la juu waliogopa hata kivuli chao. Alikuwa na mbwa wanne. Shankara akamwambia apishe njia.

Mtu yule hakusogea. Akamuuliza ni kitu gani anachotaka kisogee: mwili, ambao kwa wote umetokana na chakula kilekile, au nafsi, ambayo yeye mwenyewe anafundisha kwamba ni moja kwa wote? Shankara akanyamaza. Kisha akainama mbele yake na kumkubali kuwa mwalimu. Wahindu wengi huamini kwamba aliyesimama pale alikuwa Shiva. Vyovyote iwavyo, mwanafunzi bora wa India yote alisahihishwa barabarani na mtu aliyetaka kumfukuza njiani.

Kupanda milima

Kutoka Kaladi hadi Badrinath ni zaidi ya kilomita 2,000 hata ukipima moja kwa moja kama arukavyo ndege. Ni kama kutembea kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi, kisha mwisho wa safari ndipo milima inaanza. Kijana wa nchi ya minazi alifika mahali penye theluji.

Badrinath iko kwenye kimo cha kama mita 3,100, kando ya mto Alaknanda. Mto ni baridi kama barafu, lakini pembeni yake kuna chemchemi ya maji moto ambamo mahujaji huoga. Inasimuliwa kwamba Shankara alikuta sanamu ya Vishnu imetupwa ndani ya maji ya mto. Alizama, akaitoa, na ibada ikaanza upya. Inasemwa pia kwamba ni huko, akiwa bado kijana wa miaka 16 hivi, alikoandika maelezo yake makubwa ya vitabu vitakatifu.

Jambo moja halihitaji masimulizi, kwa sababu unaweza kuliona hadi leo. Kuhani mkuu wa Badrinath, ambaye huitwa Rawal, hatoki vijiji vya jirani. Kwa desturi hutoka Kerala, nchi ya Shankara, huko kusini kwenye bahari. Na kuhani mkuu wa Kedarnath hutoka Karnataka, ambayo nayo ni kusini. Ni kana kwamba msikiti au kanisa la juu kabisa la Usambara, kwa mamia ya miaka, limehudumiwa na mtu anayetoka ukanda wa pwani mwisho wa nchi. Desturi hiyo imewafunga watu wa kusini na kaskazini katika nchi kubwa yenye lugha nyingi.

Angalieni pia kwamba Shankara hakuchagua mlima mmoja akaudharau mwingine. Badrinath ni ya Vishnu, Kedarnath ni ya Shiva, na zama hizo wafuasi wa pande hizo mbili walikuwa wakishindana. Jina lake limo katika hekalu zote mbili.

Habari iliyomfikia

Miaka iliendelea. Shankara alizunguka India akijadiliana na wanazuoni. Mjadala wake unaojulikana zaidi ulikuwa na Mandana Mishra, mtu mwenye mke na nyumba, aliyeamini kuwa njia ya Mungu ni kutimiza kafara na wajibu wa nyumbani. Mwamuzi alikuwa mke wa Mandana, Ubhaya Bharati, mwanamke msomi. Mume akashindwa, na mke ndiye aliyetoa hukumu. Kwa mujibu wa masimulizi, Mandana akawa mwanafunzi wa Shankara.

Kisha ikaja habari kwamba Aryamba anaumwa.

Hapo ndipo Shankara alipokuwa na uchaguzi mgumu kuliko wa milima. Sheria ya utawa ilisema hana mama tena. Wanafunzi walimtegemea. Jina lake lilikuwa limepanda juu. Lakini alikuwa ametoa ahadi ukingoni mwa mto, naye akarudi Kaladi.

Alimkuta mama yake hai, akakaa naye hadi mwisho. Alipofariki, jamaa walikataa kusaidia. Walisema sanyasi hana haki ya kufanya mazishi. Kama amevunja sheria, basi afanye mwenyewe. Hawakumpa moto wala kuni, na hakuna aliyekuja kubeba. Mtu aliyewashinda wanazuoni wa nchi nzima alibaki peke yake uani na maiti ya mama yake.

Akajenga tanuri la kuni hapo hapo karibu na nyumba. Baadhi ya masimulizi yanasema alitumia mashina ya migomba kwa sababu hakupewa kuni. Sisi tunaoishi na migomba tunajua jinsi shina lake lilivyojaa maji. Masimulizi yanasema moto uliwaka. Akatimiza ahadi yake, kisha akaondoka tena.

Tukiulizwa kwa nini habari hii imedumu miaka yote hii, tunadhani ni kwa sababu ya uani pale. Fundisho la nafsi na Mungu linahitaji kusoma sana. Lakini mwana aliyerudi kumshughulikia mama, akatengwa na ukoo kwa kufanya hivyo, anaeleweka na kila mtu.

Pembe nne za nchi

Wahindu humpa Shankara sifa ya kuanzisha nyumba nne za watawa katika pembe nne za India: Sringeri kusini, Puri mashariki, Dwarka magharibi, na Jyotirmath kaskazini, njiani kuelekea Badrinath. Baadhi ya wanahistoria wana shaka kama ni yeye mwenyewe aliyezianzisha zote. Lakini viongozi wa nyumba hizo mpaka leo hubeba cheo cha Shankaracharya.

Dwarka inatuhusu kidogo. Iko Gujarat, kwenye pwani inayotazamana nasi ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, wakiwamo wenye maduka ya zamani ya Tanga, wana asili ya Gujarat. Kwao, Dwarka iko karibu na kwa babu na bibi, na Badrinath ni pembe ya mbali ya kaskazini. Wapo wanaotamani kuzimaliza pembe zote nne kabla ya kufa, na kwao safari ya milimani ni robo moja tu ya hija.

Mwisho wake Kedarnath

Masimulizi mengi yanasema Shankara alifia Kedarnath akiwa na miaka 32 tu. Wapo wanaotaja sehemu nyingine, kama Kanchi huko kusini. Kedarnath iko kwenye kimo cha kama mita 3,580, na nyuma ya hekalu palikuwa na mahali palipoheshimiwa kuwa pa mapumziko yake ya mwisho.

Tunasema palikuwa, kwa sababu Juni 2013 mvua kubwa na maji ya ziwa la barafu lililopasuka juu ya bonde vilishuka na mawe na matope. Katika Uttarakhand zaidi ya watu 5,000 walikufa au kupotea, wengi wao mahujaji. Mji wa Kedarnath ulisombwa, na mahali pa Shankara pia. Hekalu la mawe lilisalia. Jiwe kubwa mno lilikuja na mafuriko likakwama nyuma yake na kuyagawa maji. Mwezi Novemba 2021, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alizindua hapo sanamu mpya ya Shankara akiwa ameketi.

Sisi ambao mvua za masika zikizidi tunaangalia kingo za milima kwa hofu, tunaelewa maana yake. Mlima ni mtakatifu, lakini udongo wake ni udongo.

Basi uende mlima upi?

Anayepanga safari leo ana mambo ya kupima. Badrinath gari hufika hadi karibu na hekalu, kwa hiyo wazee wengi huanzia hapo. Kedarnath ni mwendo wa kama kilomita 16 za kupanda kutoka Gaurikund, kwa miguu, kwa farasi au kwa kubebwa, na zipo helikopta kwa wenye uwezo. Mahekalu yote mawili hufungwa majira ya baridi, kuanzia kama Novemba, na ibada huhamishiwa miji ya chini. Kailash inahitaji vibali vya China na mapafu yenye nguvu. Vaishno Devi haina hewa nyembamba ya kutisha, na haifungwi kwa msimu. Na popote juu ya mita 3,000, ushauri ni uleule wanaopewa wapanda Kilimanjaro: panda polepole, lala njiani mwili uzoee, na kichwa kikiuma sana shuka.

Lakini maisha ya Shankara yanaongeza kipimo kingine. Katika mafundisho yake, matendo mema na ibada husafisha moyo, ila kinachomfungua mtu ni kuijua kweli, na kweli hiyo haikai mlima mmoja. Ndiyo maana hakuna hekalu analoweza mtu kulikosa akawa amemkosa Mungu. Na hija aliyoifanya bila kuruhusiwa na sheria ya utawa wake, ile ya kurudi Kaladi, ilikuwa ya kushuka.

Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba Hija ni kwa mwenye uwezo, na kwamba aliye na deni hutakiwa kulilipa kwanza. Wahindu wana habari ya mtawa, mama na migomba. Dini ni mbali mbali, lakini mzee aliye ndani anayengoja kuletewa maji ni yuleyule. Akishahudumiwa, milima ipo, na Mei ijayo theluji itayeyuka tena.